Uongozi wa Klabu ya Likizo Unapobadilika: Mwongozo kwa Mwenye Pointi au Wiki

Kampuni inayoendesha klabu ya likizo inapopata rais mpya, au inapouzwa kwa kampuni nyingine, wanachama hutumiwa barua pepe yenye picha ya kiongozi anayetabasamu, shukrani kwa aliyemtangulia, na ahadi kwamba mazuri zaidi yanakuja. Yale ambayo mwanachama angependa kuyajua hayamo: kama ada ya mwaka itapanda, kama nafasi ya Desemba aliyoizoea ataendelea kuipata, na kama kile alichokinunua kwa mkopo bado ni kilekile. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kuchunguza wasifu wa kiongozi mpya. Yanapatikana katika karatasi zako mwenyewe, ukishajua ni zipi zinazombana kiongozi huyo na ni zipi anazoweza kuzibadilisha kesho asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wiki, au pointi anazopewa kila mwaka za kulipia siku za kukaa, katika mpango wa taimusheya, yaani umiliki wa nyumba ya likizo kwa zamu. Miongoni mwa Waswahili waishio Marekani wapo walionunua Orlando au Las Vegas baada ya kuahidiwa tiketi za bei nafuu iwapo wangekaa katika kikao cha mauzo cha dakika 90, kikao ambacho, kama kila aliyewahi kukaa anavyofahamu, hakiishi dakika ya 90. Mfano nitakaouegemea zaidi ni Disney Vacation Club, iliyoanza mwaka 1991, kwa kuwa ina historia ndefu na mabadiliko yake yanafuatilika kwa tarehe. Nitagusa pia Diamond Resorts na Hilton Grand Vacations, ambako kilichobadilika hakikuwa kiongozi tu bali mwenye mali.

Kwanza tambua ni nani hasa aliyebadilika

Klabu ya likizo haina kiongozi mmoja. Juu kabisa kuna kampuni mama. Chini yake kuna kampuni inayojenga na kuuza, na kuna kampuni inayoendesha, ambayo mara nyingi ni ndugu wa ile inayouza. Kisha kila hoteli ina chama chake cha wamiliki chenye bodi, bajeti na akaunti ya akiba. Katika klabu ya Disney, kampuni inayouza inaitwa Disney Vacation Development, inayoendesha inaitwa Disney Vacation Club Management, na bodi za vyama vya wamiliki hukaliwa na watumishi wa Disney wenyewe. Mabadiliko katika kila ngazi humfikia mwanachama kwa njia yake, na anayechanganya ngazi hizi hujikuta akiogopa jambo lisilomhusu huku akilipuuza lile linalomgusa mfukoni.

Badiliko la kampuni mama huonekana zaidi nje ya mlango wa chumba chako. Bob Chapek aliongoza Disney kuanzia Februari 2020 hadi Novemba 2022, Bob Iger aliporudi. Katika kipindi hicho, basi la bure lililowachukua wageni kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi hotelini lilifutwa, na kuanzia Januari 2022 familia iliyotua na watoto na masanduku ililazimika kujitafutia usafiri na kuulipia. Novemba 2021 kampuni ilisimamisha uuzaji wa aina nyingi za pasi za mwaka za kuingilia viwanja vya burudani vya Walt Disney World, na ziliporudi sokoni ilikuwa Aprili 2023. Hakuna hata neno moja lililobadilika katika hati ya mwanachama yeyote wa klabu, lakini likizo ya mwanachama aliyepanga bajeti yake juu ya basi la bure na pasi ya mwaka ilipanda bei. Mambo haya hayakuwa mali ya klabu tangu mwanzo. Yalikuwa ya jirani yake, na jirani aliamua vingine.

Pia usidanganywe na jina lililo langoni. Marriott Vacations Worldwide ilitenganishwa na Marriott International mwaka 2011, na Hilton Grand Vacations ikatengana na kampuni ya hoteli za Hilton mwaka 2017. Hizi ni kampuni zinazojitegemea, zenye wakurugenzi na wanahisa wao, ambazo hutumia jina la hoteli kwa leseni. Habari kwamba kampuni ya hoteli imepata mkurugenzi mpya kwa hiyo si habari ya klabu yako, isipokuwa ikiambatana na habari kuhusu leseni hiyo. Njia rahisi ya kumtambua mkubwa wako halisi ni kuchukua ankara ya mwisho ya ada ya mwaka na kusoma ni nani anayedai, kwa niaba ya chama gani, na fedha zinaingia akaunti ya nani.

Tenganisha karatasi zako kwa nguvu zake

Hii ndiyo kazi kubwa, na inafaa ifanywe siku ambayo habari za mabadiliko zimetoka, kabla kampuni haijaanza kubadilisha kurasa zake. Ingia katika akaunti yako ya mwanachama, pakua kila waraka unaopatikana, hifadhi nakala zenye tarehe, na piga picha ya skrini inayoonyesha pointi ulizonazo, nafasi ulizokwisha kuweka na orodha ya manufaa ya uanachama kama ilivyo siku hiyo. Kisha panga karatasi hizo kwa kuuliza swali moja kwa kila moja: ili hili libadilike, nani anapaswa kukubali?

Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni hati ya umiliki pamoja na tamko la hoteli lililosajiliwa serikalini. Hapo ndipo penye tarehe ya mwisho ya haki yako, jina la hoteli yako ya nyumbani, yaani ile uliyonunulia pointi zako, na idadi ya pointi. Hati za BoardWalk na Beach Club, hoteli mbili za klabu ya Disney, kwa mfano, zinaisha tarehe 31 Januari 2042, na rais mpya wa klabu hawezi kuamka akasema ni 2038. Hawezi pia kuongeza kwa siri jumla ya pointi zinazohitajika ili kukaa katika hoteli hiyo mwaka mzima. Anachoweza ni kuzigawa upya katika majira: usiku mmoja ukipanda, mwingine lazima ushuke. Mgawanyo huo mpya unaweza kuwa halali kabisa na bado ukamuumiza mtu ambaye watoto wake wako shule na hawezi kusafiri isipokuwa Krismasi au Julai. Linganisha basi jedwali la pointi la mwaka huu na la mwaka ujao kwa siku zile ambazo wewe husafiri, na usitulizwe na maelezo kwamba jumla haijabadilika.

Baada ya hati zinakuja kanuni za kuweka nafasi. Mwanachama wa klabu ya Disney huweka nafasi miezi 11 kabla katika hoteli yake ya nyumbani, na miezi 7 kabla katika hoteli nyingine za klabu, akikopa pointi za mwaka unaofuata au kuhifadhi za mwaka huu. Kanuni za namna hii huonekana imara kwa sababu zimekaa miaka mingi, lakini msimamizi ana mamlaka mapana ya kuzirekebisha. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, klabu iliweka kikomo cha muda kwamba mwanachama angeweza kukopa nusu tu ya pointi za mwaka uliofuata. Wapo waliokuwa wamepanga safari kubwa ya ukoo mzima wakitegemea kukopa zote. Wasimamizi walikuwa na sababu nzuri, na pengine bila hatua hiyo vyumba visingetosha baadaye. Lakini tukio lile lilionyesha wazi kwamba ukopaji wa pointi ni ruhusa inayotolewa na msimamizi, naye ana uwezo wa kuipunguza.

Chini kabisa yako manufaa ya ziada: punguzo la chakula na bidhaa, sherehe za wanachama, nafasi ya kubadilisha pointi kwa safari za meli. Hapa ndipo uongozi mpya huanza kukata, kwa kuwa hapahitaji kura ya mtu. Klabu ya Disney imefanya hivyo kwa hatua zinazofuatilika. Waliozinunua pointi mkononi mwa mwanachama mwingine baada ya tarehe 21 Machi 2011 hawakuweza tena kuzitumia kwa safari za meli za Disney na vifurushi vinavyofanana na hivyo. Walionunua mkononi baada ya tarehe 4 Aprili 2016 walikosa mapunguzo ya uanachama. Kisha kwa manunuzi ya mkononi kuanzia tarehe 19 Januari 2019, pointi za hoteli 14 za awali zilizuiwa kutumika katika hoteli mpya kama Riviera, na anayenunua pointi za Riviera mkononi huweza kuzitumia Riviera peke yake.

Tazama jinsi hatua hizo tatu zilivyopangwa. Kila mara waliokuwa tayari ndani waliachiwa walichokuwa nacho, na mzigo ukawekwa juu ya watakaokuja. Ni mbinu ya kiuongozi yenye akili, kwa sababu mwanachama wa zamani haoni ameporwa chochote na hapigi kelele. Hasara yake anaiona siku anayotaka kuuza, kwa kuwa mnunuzi wake hapati vyote alivyokuwa navyo yeye, na bei inafuata. Kwa hiyo unaposoma tangazo la badiliko, usiishie pale penye maneno yanayokuhakikishia kwamba wewe huguswi. Uliza pia atakayenunua kwako ataguswa vipi.

Ada ya mwaka: mahali ambapo uongozi mbaya hulipiwa

Mwaka 2011 Disney ilikuwa ikiuza pointi za Aulani, hoteli yake ya Hawaii iliyofunguliwa mwezi Agosti mwaka huo. Julai, wiki chache kabla ya ufunguzi, uuzaji ulisimamishwa ghafla: ada ya mwaka iliyotangazwa kwa wanunuzi ilikuwa imekadiriwa chini mno kuliko gharama halisi za kuendesha hoteli. Rais wa klabu na maofisa wengine waliondoka. Mauzo yaliporudi, wanunuzi wapya walitangaziwa ada ya juu zaidi, na wale waliokuwa wamekwisha kununua wakawekewa ruzuku, kampuni ikifidia sehemu ya tofauti. Hadi leo wapo wamiliki wa Aulani wanaolala katika vyumba vya aina moja, wenye pointi za idadi moja, wakilipa ada mbili tofauti kwa sababu ya tarehe ya kununua.

Nimeusimulia mkasa huu kwa kirefu kwa sababu unaeleza jambo ambalo matangazo ya uteuzi huficha. Kiongozi akikosea kukadiria gharama, gharama zenyewe hazipungui. Swali linabaki kuwa nani atalipa pengo. Kwa waliotangulia Aulani, kampuni ilijibebesha pengo hilo. Katika hoteli nyingi ndogo zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, pengo hubebwa na wamiliki kwa mchango wa dharura unaotozwa juu ya ada ya kawaida.

Jizoeze basi kusoma bajeti ya chama chako, ambayo hutumwa kila mwaka pamoja na ankara au kabla ya mkutano mkuu, na ambayo wengi huitupa pamoja na bahasha. Utakuta mstari wa mapokezi, wa usafi wa vyumba, wa matengenezo, wa bima, wa kodi ya majengo, wa usafiri wa ndani, wa ada ya msimamizi, na mwisho akiba ya ukarabati mkubwa. Chukua bajeti ya mwaka huu na ya mwaka uliotangulia, uziweke kando kwa kando, na utie alama kila mstari uliopanda kwa kasi kuliko mingine. Bima na kodi zikipanda, msimamizi ana utetezi: hapangi yeye. Mishahara na usafi vikipanda, huenda ni sheria ya kima cha chini cha mshahara au ni uzembe, na hapo pana swali la kuuliza mkutanoni. Ada ya msimamizi ndiyo ya kutazamwa kwa jicho kali. Katika hoteli za klabu ya Disney zilizoko Florida ada hiyo hukokotolewa kuwa asilimia 12 ya bajeti, baada ya kuondoa vitu kama kodi na usafiri. Msimamizi anayelipwa kwa asilimia hupata zaidi matumizi yanapokua. Sisemi kwamba anayakuza makusudi. Nasema tu kwamba mfumo haumpi sababu ya kulala macho wazi akitafuta pa kupunguza.

Mstari wa akiba ya ukarabati unastahili tahadhari ya kinyume. Ukiona uongozi mpya umetangaza kwamba ada haikupanda mwaka huu, kabla ya kushangilia angalia kama akiba ndiyo iliyokatwa. Paa, lifti na magodoro huchakaa kwa ratiba yake bila kujali nani amekalia kiti. Akiba ikipungua leo, mchango wa dharura unaandaliwa kwa miaka ijayo, na aliyeupunguza huenda atakuwa amekwisha kwenda kuongoza kampuni nyingine.

Kwa hesabu ya mfano, mwenye pointi 160 anayelipa dola 8.00 kwa kila pointi hutoa dola 1,280 kwa mwaka. Ada ikipanda asilimia 5, analipa dola 1,344. Nyongeza ya dola 64 haimfilisi mtu, lakini ikijirudia kila mwaka kwa kiwango hicho, ada nzima huzidi mara mbili ndani ya miaka 15. Fanya hesabu hii kwa pointi zako na kwa miaka iliyobaki katika hati yako, kisha uamue kama mpango bado unakufaa.

Kampuni ikiuzwa: jihadhari na kalamu

Diamond Resorts ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Apollo mwaka 2016, na Agosti 2021 ikaingia mikononi mwa Hilton Grand Vacations. Januari 2024 Hilton Grand Vacations ikainunua pia Bluegreen Vacations. Kwa aliyekuwa na pointi za Diamond, mwenye kampuni alibadilika mara mbili katika kipindi cha miaka 5, bila yeye kuulizwa. Haki iliyoandikwa katika hati yake ilihamia kwa mmiliki mpya pamoja na deni lake, kwa kuwa anayenunua kampuni hununua na mikataba yake. Lakini mwaka 2022 Hilton Grand Vacations ilizindua ngazi mpya ya uanachama, HGV Max, iliyofungua mlango kwa hoteli za pande zote mbili, na wamiliki wa zamani wa Diamond hawakuingizwa humo moja kwa moja. Walipaswa kujiunga, na njia iliyopigiwa debe katika vyumba vya mauzo ilikuwa kununua zaidi.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika mabadiliko ya uongozi. Hasara ya basi la bure au punguzo la chakula huhesabika kwa makumi au mamia ya dola. Hasara ya mkataba mpya uliotiwa saini kwa hofu huhesabika kwa makumi ya maelfu, pamoja na riba. Mwanachama hualikwa, mara nyingi siku anayofika hotelini na begi bado mkononi, kwenda kupewa "taarifa kwa wamiliki kuhusu mabadiliko". Anaelezwa kwamba pointi zake za zamani zinapitwa na wakati, kwamba uongozi mpya utapandisha ada za mpango wa zamani, kwamba watoto wake watarithi mzigo, na kwamba leo tu kuna nafasi ya kuhamia mpango mpya. Baadhi ya maneno hayo huwa na chembe ya ukweli, ndiyo maana yanauma.

Hulazimiki kwenda. Kadi ya chumba hutolewa mapokezi, haitolewi na meza ya mauzo hata kama meza hiyo imewekwa hatua tatu kutoka mapokezi. Ukienda, uliza swali moja na usiondoke bila jibu la maandishi: mkataba huu mpya unafuta hati yangu ya zamani au unaongezwa juu yake? Kubadilisha wiki yenye hati kuwa pointi za mfuko wa pamoja, au kurudisha hati ya zamani kama sehemu ya malipo, ni kuacha karatasi ile yenye nguvu kuliko zote na kupokea nyingine ambayo kanuni zake huenda zinabadilishwa na msimamizi kwa urahisi zaidi. Wakati mwingine biashara hiyo inafaa. Mara nyingi muuzaji hatakueleza kwamba umebadilishana.

Kama umekwisha kutia saini, sheria inakupa siku chache za kujitoa, na mkataba wa kuongeza au kuboresha huhesabiwa kama ununuzi mpya wenye siku zake. Florida hutoa siku 10 za kalenda, California siku 7, Nevada siku 5. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muda ni siku 14, na ni marufuku kukuchukulia malipo ya awali ndani ya siku hizo. Huko Florida haki hiyo haiondolewi hata ukitia saini ya kuikataa. Kujitoa hufanywa kwa maandishi, kwa anwani na njia zilizotajwa ndani ya mkataba wenyewe, na barua itumwe kwa rejista ili ubaki na risiti yenye tarehe. Kumpigia simu muuzaji aliyekuhudumia hakutoshi. Atakuomba uvumilie hadi Jumatatu, na siku zinahesabika.

Mabadiliko ya umiliki huwaamsha pia matapeli. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa idara ya kampuni mpya inayonunua pointi za wanachama wa zamani, hutaja bei nzuri kupita kiasi, kisha huomba "kodi" au "ada ya kuhamisha" itangulie. Julai 2024 FBI na Wizara ya Fedha ya Marekani zilitoa onyo kwamba magenge ya dawa za kulevya ya Meksiko yanaendesha utapeli wa aina hii dhidi ya wamiliki wa taimusheya. Anayetaka kununua kwako hapaswi kukudai fedha kabla ya kukulipa. Kata simu, na ikiwa una shaka piga wewe mwenyewe namba iliyo kwenye ankara yako.

Kura, kumbukumbu na barua ya kuuliza

Nguvu ya mwanachama hutofautiana sana. Katika klabu ya Disney mikataba imempa mwendelezaji, yaani kampuni inayojenga na kuuza, sauti kubwa katika kura nyingi, na mkutano mkuu hutumika zaidi kupashana habari. Katika hoteli za zamani zinazouzwa kwa wiki, ambazo wamiliki wenyewe hukaa kwenye bodi, hali ni tofauti kabisa: humo wamiliki huweza kumwondoa msimamizi na kumwajiri mwingine, na kazi hiyo huanza na fomu za uwakilishi ambazo wengi huziacha bila kujaza. Anayeishi Nairobi au Dar es Salaam hawezi kusafiri kwa ajili ya mkutano wa saa mbili Orlando, lakini anaweza kujaza fomu hiyo na kumtaja mmiliki anayemwamini. Ukiiacha tupu au ukiitia saini bila kuandika jina, soma maelezo ya chini: mara nyingi kura yako inakwenda kwa bodi iliyopo.

Sura ya 721 ya sheria za Florida inamtaka msimamizi aweke vitabu na kumbukumbu wazi kwa ukaguzi wa wamiliki. Haimruhusu kukupa orodha ya wamiliki wenzako, lakini inamtaka awatumie barua yako ukiomba kwa maandishi, ikiwa barua hiyo inahusu shughuli halali za chama, kwa mfano kutafuta kura za kumwondoa mjumbe wa bodi. Ni kifungu chenye nguvu kuliko kelele zozote za mtandaoni, na wachache hukitumia.

Barua ya kuuliza kuhusu mabadiliko isizidi ukurasa mmoja. Taja namba yako ya mkataba na hoteli yako. Omba bajeti iliyopitishwa na taarifa ya akiba ya ukarabati. Uliza kama mkataba wa usimamizi umebadilika au umeongezwa muda, na lini unaisha. Uliza kama kuna kanuni ya kuweka nafasi iliyorekebishwa tangu uongozi mpya uingie, na uombe nakala ya kanuni zinazotumika sasa. Usiweke malalamiko humo. Yaandikie barua nyingine, kwa sababu barua yenye hasira na maswali pamoja hujibiwa hasira yake tu, kwa adabu nyingi na bila takwimu.

Kwa anayejiandaa kurudi nyumbani Afrika Mashariki, au ambaye hesabu ya ada imemkatisha tamaa, mabadiliko ya uongozi yana jambo moja la haraka. Baadhi ya kampuni zina utaratibu wa kupokea hati kutoka kwa mwanachama aliyemaliza mkopo na asiye na deni la ada, na utaratibu huo ni miongoni mwa mambo ambayo uongozi mpya unaweza kuusimamisha bila kura. Kama umewahi kuambiwa kwa mdomo kwamba upo, andika leo uombe masharti yake kwa maandishi, lipa ada inayodaiwa ili usiondolewe sifa, na usisaini chochote kinachodai malipo kwa kampuni ya kando inayojitolea "kukutoa". Ikiwa unapendelea kuuza, weka tangazo lako ukitaja wazi tarehe uliyonunua na vizuizi ambavyo mnunuzi atavirithi. Klabu ya Disney ina haki ya kununua kwanza kwa bei ileile mliyokubaliana, kwa hiyo usihesabu kuwa umeuza hadi klabu ijibu kwamba imeachilia haki hiyo. Hakikisha pia anwani yako iliyoko kwenye kumbukumbu zao ni ya mahali unapoishi sasa, maana ankara inayofika katika nyumba uliyohama haisimamishi riba ya kuchelewa.